Gitaa Langu Lisiguswe

Kila anayeingia dukani kwangu na kuliona gitaa limetundikwa nyuma ya madumu ya mafuta hulichukua bila kuomba. Huzipitia nyuzi mara moja, hukunja uso, kisha husema, "Mzee, gitaa lako limelegea." Kabla sijafungua mdomo mkono wake umeshafika kule juu kwenye masikio ya gitaa, zinakokazwa nyuzi, naye ameanza kunisaidia. Sijapata kuona watu wenye huruma kama hawa wa Mingoyo. Mtu hatakushika mkono kushusha pipa la mafuta kwenye gari, lakini gitaa lako atakukazia hata ukimfukuza.

Gitaa langu halijalegea. Nimelifunga hivyo mwenyewe, kwa makusudi, na nitaomba siku nikifa lizikwe hivyo hivyo, ingawa najua atatokea mtu msibani akalikaze.

Nieleze kidogo, maana hata wapigaji wenyewe hawanielewi. Gitaa la watu wote, ukilipiga bila kubonyeza popote, nyuzi zake sita hazielewani. Kila mmoja unasema lake mpaka vidole vya mkono wa kushoto vije kuzipatanisha. Langu linaelewana lenyewe. Uzi wa kwanza, wa tano na wa sita nimeziteremsha kidogo, na zile nyingine tatu nimeziacha zilivyo. Ukipitisha dole gumba juu ya zote, mkono wa kushoto ukiwa umelala mapajani, inatoka sauti moja iliyotimia, nene, kama watu walioitikia salamu kwa pamoja. Ukitaka sauti nyingine unalaza kipande cha chuma juu ya nyuzi zote kwenye freti ya tano, yaani kile chuma cha tano shingoni mwa gitaa, ukitaka ya tatu unakisogeza mpaka ya saba. Nyimbo nyingi za harusi za huku kwetu hazidai zaidi ya hapo.

Chuma changu ni soketi ya kufungulia plagi za pikipiki. Nimeivalisha kidole kidogo na ndani nimeizungushia kitambaa isichezecheze.

Ubaya wa kufunga gitaa namna hii ni mmoja. Haliwezi kununa. Sauti yake ni ya furaha kuanzia uzi wa kwanza hadi wa mwisho, na chuma ukikipeleka juu au chini furaha inakwenda nacho. Mpigaji wake ni mtu mwenye kinyongo cha miaka mingi, nalo linacheka tu. Nimejaribu kulipigia huzuni nikashindwa.

Mkono wangu wa kushoto una dole gumba na kidole kidogo. Vile vitatu vya katikati vilikwenda na mnyororo wa pikipiki, Kilwa Masoko, asubuhi moja ya Jumamosi.

Wakati huo nilikuwa mpiga solo wa bendi iliyokuwa ikizunguka pwani yote hii wakati watu wameshauza korosho na wana hamu ya kuozesha na kucheza. Siku za kawaida nilikuwa na pikipiki ya kubebea abiria, na mdogo wangu, tuliyezaliwa tumbo moja, aliishi kwangu. Nilimfundisha gitaa mimi. Nilimfundisha na pikipiki.

Kusafisha mnyororo huku kwetu kuna njia yake, na nawaona vijana wanaifanya hadi leo hapa mbele ya duka langu, nami napiga kelele mpaka koo linakauka. Pikipiki inasimamishwa kwa stendi ya kati ili gurudumu la nyuma lining'inie, inawashwa, inatiwa gia, gurudumu linazunguka polepole. Wewe unachuchumaa na tambara lenye mafuta ya taa unalishikiza kwenye mnyororo. Mnyororo unapita wenyewe, unajifuta. Ni kazi ya uvivu na ni kazi ya haraka. Mtu wa pili anakaa juu ya kiti kushikilia gia.

Aliyekaa juu ya kiti alikuwa mdogo wangu. Walipita rafiki zake watatu wanatoka sokoni, mmoja akamtania kwamba ile pikipiki imekohoa mpaka imezeeka. Akavuta mafuta ili wasikie. Basi, ni hilo tu. Tambara lilivutwa ndani ya meno ya gurudumu na mkono wangu ukaenda nalo.

Mama alikuja kutoka Kinjumbi siku ya pili. Alinikuta hospitalini mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Hakunilaumu, hakulia. Alinivutia shuka vizuri, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaniambia, "Mwanangu, mdogo wako hali, halali. Bado hata mke hana. Ukisema ni yeye, watu watamsema mpaka azeeke. We sema mnyororo umekukata. Kwani uongo? Si mnyororo uliokukata?"

Nikamkubalia. Unamkataliaje mama yako aliyesafiri na bakuli la uji wa mtama mapajani? Tangu siku hiyo ikawa mnyororo. Majirani waliambiwa mnyororo, mkuu wa bendi mnyororo, na binti yangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa, alipokua akauliza, akaambiwa mnyororo. Mama alishakwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu, na ahadi yake nimebaki nayo mimi kama mzigo wa abiria aliyeshuka akausahau.

Mdogo wangu alinijia wodini na machungwa, akasimama akiangalia ukuta, akalia, akaondoka. Hajawahi kuniambia neno lolote juu ya asubuhi ile. Wala samahani. Nadhani aliona yale makubaliano yangu na mama yamemaliza kila kitu, na kwa upande wake kweli yalimaliza.

Bendi haikukaa matanga. Msimu ulikuwa umefika, kulikuwa na harusi za kupigiwa, na mkuu wa bendi alikuja nyumbani akanywa chai yangu huku akizunguka na maneno, mpaka nikamwambia mwenyewe, mchukueni mdogo wangu, nyimbo zote anazijua. Na alizijua hasa. Nilikwenda kumsikiliza mara moja, nikasimama mlangoni. Hata pale nilipozoea kukosea, naye alikosea vilevile. Watu walimshangilia, mwanamke mmoja akanigeukia akasema, "Mdogo wako kaokoa bendi." Nilirudi nyumbani kwa miguu.

Kulikuwa na wimbo mmoja kati ya nyimbo hizo uliokuwa wangu kuliko zote. Nilimtungia binti yangu alipozaliwa, wimbo mfupi wa kumuuliza mtoto mchanga amekuja na habari gani kutoka alikotoka. Mke wangu alimbembelezea kwa mdomo. Kwa gitaa binti yangu hakupata kuusikia kwangu akiwa na akili za kukumbuka, alikuja kuusikia kwa baba yake mdogo, kwenye harusi za watu. Alipokuwa na miaka kama saba alirudi kutoka harusi moja akaniambia kwa furaha, "Baba, baba mdogo ana wimbo kama wa mama!" Nikamwambia ndiyo, ni mzuri.

Tulihamia Mingoyo kwa sababu ni kwao mke wangu, na kwa sababu nilichoka kupewa pole Kilwa nzima. Nikafungua duka la mafuta na vipuri vya pikipiki. Najua, hata mimi huwa nacheka. Chuma kile kile kimenila mkono na kinanilisha watoto.

Gitaa nililinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini Lindi aliyekuwa anafunga duka la baba yake. Lilikuwa dirishani limejaa vumbi, gitaa kavu, la mbao, halina umeme. Nililinunua bila kujua nitalifanya nini. Kwa muda mrefu lilinitesa tu. Nikaligeuza, mkono wa kulia ufanye kazi ya wa kushoto, nikalilaza mapajani, nikabonyeza kwa dole gumba kutoka juu, hola. Mchana mmoja nilikasirika nikaanza kulegeza nyuzi ili niziondoe kabisa nilifanye pambo. Nilikuwa nimelegeza mbili tu. Nikagusa bila kutaka, nikasikia kitu kinakaribia kuelewana. Nikauteremsha na mmoja zaidi polepole, nikiupiga kila mara, mpaka zote sita zikasema neno moja.

Nilikaa pale sakafuni kati ya madumu. Nilifurahi mno, sina aibu kusema, nilifurahi nikaogopa. Mteja aligonga kaunta, nikamwambia mafuta yamekwisha, na madumu yamejaa mbele yake.

Soketi ilikuja baadaye, baada ya kujaribu kisu, chupa ya marashi na kipande cha bomba. Miaka miwili nikafanya mazoezi nyuma ya duka mchana, wateja wakipungua. Sikumwambia mtu. Mke wangu alisikia, akanyamaza, kwa sababu ananijua. Binti yangu alikuwa mjini Lindi amepata kazi ya kuuza kwenye duka la vitambaa, anakuja Ijumaa mara mojamoja, na akija mimi natundika gitaa. Nilitaka kwanza liwe sawa.

Adui yangu mkubwa alikuwa mdogo wangu. Alikuwa akipita kwangu kila bendi inapokwenda Mtwara. Anaingia na mfuko wa zawadi, anamsalimia shemeji yake, anaketi, na mkono wake unakwenda kwenye gitaa kama wa mtoto kwenye sukari. Nikitoka kumpimia mtu mafuta, nikirudi nakuta ameshalikaza.

"Kaka, lilikuwa limelegea vibaya, nimekuwekea sawa."

"Halijalegea. Nimelifunga hivyo."

"Hivyo vipi? Utapigaje?"

"Liache tu."

"Kaka bwana. Hata kama hupigi, gitaa liwe kwenye hali yake, si mkoba wa sokoni huu."

Hata kama hupigi. Akiondoka nalifunga upya. Nilimweleza mara ngapi! Anaitikia kwa adabu, mara ya pili anarudia. Mke wangu akasema, "Mdogo wako anakupenda tu." Ndiyo kasoro yake hiyo. Hana ubaya hata kidogo, angekuwa nao ungemchukia ukapumzika.

Binti yangu alipochumbiwa alikuja Ijumaa moja, akaketi na mimi dukani. Mume alikuwa kijana wa Mtwara, mtu mzuri, sina neno juu yake. Akaniambia, "Baba, siku yangu nataka ule wimbo. Wa kwako, mama aliniambia ulinitungia wewe." Nikamuuliza, unataka mimi? Akasema, "Sasa nani mwingine, baba?"

Hakuna kitu nilichowahi kukitaka kama hicho. Si kuonyesha watu. Watu wa Mingoyo wananijua mimi ni mzee wa mafuta mwenye mkono mbovu, na wabaki hivyo. Nilimtaka yeye mmoja, kabla hajaondoka kwangu, ajue baba yake alikuwa nani na bado ni nani. Nikafanya mazoezi mpaka kidole kidogo kikavimba. Siku tatu kabla ya harusi niliupiga wimbo mwanzo mwisho nikiwa nimefumba macho, na mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele wa shughuli uani, aliacha kuchambua. Alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akaendelea.

Ndoa ilifungwa baada ya adhuhuri. Shehe alikula, akaombea, akaaga, ndipo spika zikatolewa walikokuwa wamezificha. Bendi ilikuwa ya mdogo wangu, hilo halikuwa na mjadala, walikuja bure kwa ajili ya mtoto wao. Nikamwambia nitapiga wimbo mmoja peke yangu. Uso wake uling'aa kabisa. Akaniambia, "Kaka, gitaa lako niachie mimi, nilitilie kinasa sauti lisikike mpaka barabarani." Nikampa. Nilikuwa nimezungukwa na wakwe, kila mmoja anataka kunipa mkono wa kulia huku akiuangalia wa kushoto. Sikumwambia neno juu ya nyuzi. Nilishamwambia mara nyingi mno, na siku ile, kati ya siku zote, nilimwamini.

Mshereheshaji akaniita. Nikaketi kwenye kiti mbele ya watu, binti yangu hatua chache kutoka kwangu, kwenye sofa lililopambwa, amefunikwa ushungi mwekundu na macho yake yananiangalia mimi. Nikaivaa soketi. Mdogo wangu akanipa gitaa akiwa anacheka kwa furaha, akaninong'oneza, "Nimelitengeneza lote."

Nikalaza chuma, nikapiga.

Ilitoka kelele. Kwenye spika zile kubwa, ilitoka kama sufuria linaloburutwa kwenye saruji. Nikajua papo hapo. Alikuwa amelikaza lilingane na kinanda cha bendi. Nikaanza kulegeza uzi wa kwanza kwa dole gumba na kidole kidogo chenye soketi, soketi ikateleza ikaanguka, ikabingirika chini ya meza ya keki. Mtoto mmoja akacheka. Mshereheshaji akadakia, kazi yake ndiyo hiyo, "Baba wa bibi harusi amejaa furaha mpaka mikono inamtetemeka! Vigelegele!" Vikapigwa.

Ndipo shangazi wa mke wangu akaja mbele akicheza, akanibandika noti kwenye paji la uso.

Kwetu mpigaji hutunzwa hivyo akiwa amewakuna watu. Katika siku zangu nilitunzwa mpaka noti zikanifunika macho, nami nikaendelea kupiga bila kuona. Sasa nilikuwa sijapiga chochote. Wa pili akaja, wa tatu, wakajipanga. Wengine hawakuzibandika hata usoni, waliziweka kwa upole kwenye mkono wangu wa kushoto na kuufumba. Ilikuwa sadaka, na kila mtu pale alijua ni sadaka ila hakuna aliyesema. Wakwe wangu wapya walikuwa kwenye mstari.

Mdogo wangu akanishika bega. "Pumzika, kaka, nakuokoa." Akaanza wimbo kwa gitaa lake la umeme, vidole vyake kumi vinakimbia, na alipofika pale nilipozoea kukosea zamani, akakosea. Binti yangu aliinuka akacheza mbele yangu analia, akiniangalia mimi. Watu wakasema ilikuwa sehemu tamu kuliko zote. Kabla ya magharibi gari la bwana harusi likaondoka naye kwenda Mtwara.

Kesho yake, watu wa maturubai wakiwa bado wanakunja vitu vyao, niliingia nyuma ya duka, nikalifunga gitaa upya. Nikaiegemeza simu kwenye dumu, nikaibonyeza irekodi sauti, nikaupiga wimbo wote. Sikuimba. Nilipiga tu, polepole, na nasema bila kujivuna kwamba sijapiga vizuri vile hata nilipokuwa na vidole vyangu. Nikamtumia.

Akapiga simu baada ya alasiri. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje huko?"

"Salama, baba. Ule wimbo tumeusikiliza, wote humu ndani, mpaka mama mkwe. Mwambie baba mdogo ahsante sana. Safari hii kapiga vizuri kuliko hata jana."

"Baba yako mdogo alirudi Kilwa asubuhi."

"Sasa nani kapiga?"

"Mimi."

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, alicheka kama mtoto anayetaniwa na baba yake. "Baba bwana. Mimi jana nilitaka uimbe tu, nikakuona unashika gitaa, roho ikaniuma. Nilishamwambia baba mdogo tangu mwanzo, baba ataimba, wewe mpigie." Kisha akaona sicheki. "Kweli ni wewe? Kwa vidole vipi, baba?"

Nje ya duka vijana wawili walikuwa wamesimamisha pikipiki kwa stendi ya kati, mmoja amechuchumaa na tambara, na kwa mara ya kwanza sikupiga kelele. Nilimkumbuka mama na bakuli lake la uji. Nilimwomba radhi kimoyomoyo.

"Vile alivyoniachia baba yako mdogo," nikasema.

"Alivyokuachia? Una maana gani, baba?"

Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Kule kwake, kwenye simu ya mumewe, mtu aliuanzisha wimbo upya, na gitaa langu likaanza kucheka.